Mbali Kwenda Wapi?

Wandugu, niwieni radhi kwa ukimya. Nilikuwa Mishamo kikazi, nimerudi Mpanda Ijumaa vumbi likiwa limenijaa hadi masikioni, na Jumamosi asubuhi, badala ya kulala kama watu wengine, nikaenda Misunkumilo kugombana. Ugomvi wenyewe haujaisha. Ndiyo maana naandika.

Kisa ni hiki. Tuko saba tunaocheza gofu ya visahani pembeni mwa mji, kule miembe inakoishia na miombo inakoanzia. Kwa wasioujua mchezo huu: ni gofu, ila hakuna fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, mpaka kiingie kwenye kapu la minyororo. Anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Kapu tunalo moja tu. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kwa ringi mbili chakavu za baiskeli, minyororo ya baiskeli hizohizo na kipande cha bomba la maji. Visahani tulivyonavyo ni vitatu. Watu saba, visahani vitatu, kapu moja. Mnaweza kucheka, nasi tunacheka.

Sasa mwenzetu mmoja ana kaka yake anayerudi kutoka ughaibuni mwezi ujao, amekubali kutubebea visahani kwenye begi lake. Tumechanga miezi minne. Hela iliyopatikana inatosha visahani kumi. Kumi! Kwetu huo ni utajiri.

Nafika Jumamosi nakuta kikao kimekwisha na uamuzi umepita: vyote kumi viwe vya masafa marefu, vile vya kasi kubwa kuliko vyote. Nikauliza sababu. Nikajibiwa, "Dada, hivyo ndivyo vinaenda mbali."

Mbali kwenda wapi?

Naomba nieleze kwanza, maana nikianza kufoka bila kueleza mtasema nina wivu wa mkono. Visahani vya mchezo huu vimegawanyika makundi makubwa matatu. Kuna vya kumalizia, vizito kidogo mkononi, vyenye ukingo mnene wa duara, unavyotupia kapuni ukiwa karibu. Kuna vya masafa marefu, ambavyo ukingo wake ni mpana na mkali kama wa sahani ya bati, vimetengenezwa kupasua hewa. Na katikati kuna hivi ninavyovitetea: vya masafa ya kati. Upana wake ni kama sentimita 21 na nusu hivi, ukingo wake ni wa sentimita moja na kitu, na kwa sheria za chama cha kimataifa cha mchezo, PDGA, kisahani cha upana wa sentimita 21.7 hakiruhusiwi kuzidi gramu 180.

Watengenezaji wengi huandika namba nne juu ya kisahani. Ya kwanza ni kasi, ya pili ni uwezo wa kuelea hewani, ya tatu ni kiasi kitakachopinda kulia kikiwa bado na mwendo mkali, ya nne ni kiasi kitakachokata kushoto kikianza kuchoka. (Hapo tunazungumzia mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuvuta kutoka upande wa kushoto wa kifua. Mwenzetu mmoja ni wa mkono wa kushoto, kwake kila kitu ni kinyume, na mapenzi yake na miti ya upande wa pili ni habari nyingine.) Sasa angalieni. Destroyer ya Innova, kisahani maarufu cha masafa marefu, namba zake ni 12, 5, -1, 3. Mako3, ya kampuni hiyohiyo, ya masafa ya kati, ni 5, 5, 0, 0. Sifuri na sifuri! Maana yake hakipindi mwanzoni wala hakikati mwishoni. Kinakwenda ulikokielekeza, kisha kinashuka chini polepole kama mgeni mwenye adabu.

Mimi ninacho kimoja cha namna hiyo. Mtafiti mmoja mgeni aliyekuwa akielekea Sitalike kuhesabu viboko aliniachia. Kimekwaruzika, jina limefutika nusu, na sikibadilishi kwa vyote kumi mnavyotaka kuagiza.

Kwa nini kinanyooka? Nendeni kwa fundi baiskeli yeyote pale Makanyagio, mwombeni gurudumu la mbele. Lishikeni kwa ekseli mikono miwili, mtu mwingine alizungushe kwa nguvu, halafu jaribuni kuliinamisha. Halitakubali kuinama mnakotaka. Litageukia upande mwingine kabisa, kama lina akili zake. Kisahani hewani kinafanya hivyohivyo kwa sababu nacho kinazunguka. Kikiwa na kasi kubwa, hewa hukisukuma zaidi kwa nyuma, kwa hiyo ungetegemea pua iiname. Haiinami. Kwa sababu ya ule mzunguko, kisahani kinalalia kulia. Kasi ikipungua kinaanza kuzama, tumbo lake linakutana na upepo, msukumo unahamia mbele. Ungetegemea pua iinuke, lakini kinachotokea ni kwamba kinalalia kushoto. Ufundi wa kisahani kinachonyooka ni umbo la ukingo na mgongo lililopimwa ili huo msukumo ukae karibu na katikati kwa muda mrefu wa safari, kasi ikiwa kubwa au ikiwa imepungua. Hakuna muujiza.

Ndiyo maana pia kinashika pembe unayokipa. Ukikiachia kikiwa kimelala kushoto kidogo, kitachora upinde mpole wa kushoto njia nzima. Ukikilaza kulia, kitakwenda kulia na kubaki huko. Ukikiachia sawasawa kama meza, kitakwenda sawasawa. Kisahani kimoja, kazi tatu, na mwenye kuamua ni kiganja chako.

Sasa tuje kwenye "mbali". Najua mlikopata ugonjwa huu. Mmeona ile video ya David Wiggins Jr. akirusha kisahani mita 338, mwaka 2016. Na mimi niliiangalia mara tano, sikatai, inasisimua. Lakini mliangalia pembeni? Ile ni jangwa la Nevada. Upepo uko mgongoni, ardhi ni tambarare kama chapati, hakuna hata kichaka kimoja cha kukizuia. Kile kilikuwa kipimo cha umbali, basi, hakikuwa na kapu wala mti. Katika mkoa huu wa Katavi mahali pa kufanya hivyo ni kwenye zile mbuga tupu za ndani ya hifadhi, na wenyeji wa huko ni simba na nyati. Nani kati yenu anajitolea kwenda kuokota?

Sisi tunacheza ndani ya miombo. Kutoka pale tunapoanzia hadi kwenye kapu ni mita sitini, na njia yenyewe inapita kati ya mitundu miwili mikubwa, halafu mninga mmoja uliosimama pembeni kama askari wa zamu, halafu kichuguu. Uwazi kati ya ile mitundu miwili ni hatua nne. Nne! Kisahani kinachoanza kwa kupinda kulia halafu kikarudi kushoto kinahitaji barabara pana ili kufanya hayo maringo yake, na miombo haina barabara ya namna hiyo. Hapa anayefika ni yule anayepita katikati. Mara ngapi tumemwona yule kaka wa Kawajense, mwenye mkono wa nguvu kuliko sisi wote, akirusha kile cha kasi, kikagonga mtundu wa kwanza "paa!" na kurudi nyuma alikosimama? Mrusho mmoja umekwenda, yeye yuko palepale, na bado anatuambia kwamba kisipogonga kinafika mbali.

Tulipima kwa hatua mwezi uliopita, mkakataa kuyakumbuka majibu, basi nayaandika hapa. Kwa kisahani cha kasi, wanaume wetu wawili wenye nguvu walifika kama mita 75 pale uwanjani penye uwazi. Kwa hiki changu walifika 70. Mita tano, wandugu, ndiyo tofauti yote! Mimi na wale dada wawili tulifika mita 50 kwa changu, na kwa kile cha kasi tukafika 45. Ndiyo, pungufu. Sababu inajulikana: kisahani chenye kasi ya 12 kinataka kirushwe kwa mwendo mkali sana ndipo kianze kufanya kazi yake. Mabingwa hurusha kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Sisi hatuko karibu na hapo. Kikirushwa taratibu kinaruka mita thelathini, kinajiona kimeshachoka, kinalala kushoto na kuchimba ardhi kama jembe.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo, si kwenye fizikia. Kati ya saba, watatu ni wanawake. Kila Jumamosi wanakuja watoto wa jirani kumi, kumi na watano, wanasimama pembeni wakingoja tuchoke ili nao wapate zamu. Mkinunua visahani kumi ambavyo vinatii mikono miwili tu katika mji mzima, mmenunulia nani? Hela nilichanga sawa na nyinyi. Yule dada anayeuza samaki wa Karema pale sokoni alichanga sawa na nyinyi, tena alikuwa wa kwanza kumaliza. Mnatuambia tuje tukae kwenye kivuli tupige makofi. Nimecheza netiboli miaka sita shuleni, najua kukaa benchi kunafananaje, na sikuacha Jumamosi zangu ili nikae tena.

Mmoja wenu alisema, nami nilisikia ingawa alinong'ona, kwamba visahani vya kati "ni vya kujifunzia, vya watoto". Sawa. Waulizeni wale wanaolipwa. Paul McBeth, bingwa wa dunia mara sita, ambaye mwaka 2021 alitangaza mkataba wa miaka kumi wa dola milioni 10 na kampuni ya Discraft, hatembei na visahani vya kasi peke yake. Hakuna bingwa anayefanya hivyo. Kila begi la kulipwa lina vya masafa ya kati, na wanavitoa mahali palepale ambapo sisi tunacheza kila wiki: msituni, njia nyembamba, ambapo kosa la digrii mbili ni mti. Kisahani kinachonyooka si cha watoto ila kina tabia moja inayowaudhi watu wazima. Hakifichi. Ukitetemesha kiganja kinatetemeka. Ukiinua pua kinapaa na kusimama hewani kama kuku aliyeshtuliwa. Kisahani cha kasi kinachokata kushoto kila mara kinakupa kisingizio, "ndivyo kilivyo". Hiki kinakwambia ndivyo ulivyo wewe. Nafikiri hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kura ya Jumamosi, lakini tuiache.

Lililonikera zaidi lilikuja mwisho. Nilipouliza hivyo visahani kumi vya kasi vitapita wapi, mtu akajibu, bila hata kupepesa macho, kwamba tutakata miti minne mitano "tupate nafasi".

Jamani! Mkoa huu umepata jina lake mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na kila mwenye macho aliyepita barabara zake ameona miombo ikirudi nyuma. Inakatwa kwa mkaa. Inakatwa kwa kukausha tumbaku. Inakatwa kupisha mashamba. Hao angalau wana njaa ya kujitetea nayo. Sisi tutasema nini? Kwamba tulikata mninga uliotuzidi wote umri, bila kibali, ili plastiki yetu ipite? Uzuri wa mchezo huu kwa mahali kama Mpanda ni kwamba hautaki uukatie kitu. Gofu ya fimbo inataka nyasi za kunyweshwa maji kila siku, na hapa kiangazi kinaanza Mei na mvua tunaisubiri hadi Novemba. Gofu ya visahani inataka miti iwe palepale ilipo, kwa sababu miti ndiyo mchezo. Finland, nchi ya misitu ambako mashindano ya dunia yalifanyika mwaka 2025, kule Nokia na Tampere, ina mamia ya viwanja, na vingi vimejificha ndani ya misonobari. Mnataka msitu ubadilike ufanane na kisahani, wakati kilichopaswa kubadilika kinauzwa dola kumi hadi ishirini!

Nikubali na upande wa pili, nisije nikaitwa mpiga debe. Kisahani kinachonyooka hakipendi upepo. Upepo mkali ukikipiga usoni ni kama umekiongezea kasi, kwa hiyo kinaanza kupinda kulia hata kama namba yake ya tatu ni sifuri. Zile asubuhi za Julai kangu kameniaibisha mbele za watu, kalikwenda kulia hadi kwenye shamba la mihogo la mzee mmoja ambaye hanipendi tangu siku hiyo. Pia kinachakaa. Plastiki ya bei nafuu ikigonga miti kila wiki inalainika ukingoni, na kisahani kilichochakaa huanza kuegemea kulia. Kwa hiyo tusinunue ile ya bei ya chini kabisa kwa tamaa ya kupata kumi na mbili.

Na kuna jambo la kwetu ambalo sikuliona likiandikwa popote, nikalazimika kulifikiri mwenyewe. Mpanda iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia kumi kuliko ya pwani. Hewa nyepesi inakishika kisahani kidogo, kwa hiyo kinapinda kulia kwa shida zaidi na kukata kushoto mapema zaidi. Kisahani chenye namba sifuri na sifuri kule ufukweni Dar, hapa kinamalizia na kidokezo cha kushoto. Changu kinafanya hivyo mwishoni kabisa, kama anayegeuza shingo kuaga. Sasa kama chenye sifuri kinafanya hivyo, chenye 3 kitafanyaje? Mnanunua kitu kinachokata kushoto mapema, mnakileta mahali kitakapokata mapema zaidi, mnakiweka kwenye mkono usio na kasi, ndani ya msitu. Sijui mnamkomoa nani.

Na nyasi! Mmesahau Machi? Kile cha kasi tulichokuwa nacho mwanzo kilikata kushoto kikaingia kwenye nyasi ndefu kuliko mtu, tukakitafuta siku mbili kwa fimbo kwa kuogopa nyoka. Tulikipata Agosti baada ya moto kupita, kimekunjamana kama kapelo iliyoanikwa ikiwa imefinyangwa. Kisahani kinachonyooka kikipotea, angalau unajua kipo kwenye mstari gani.

(Rangi, kwa wanaoagiza: nyekundu hapana, maana Septemba na Oktoba majani mapya ya miombo ni mekundu na hamtakiona. Bluu hapana kabisa, mbung'o wanaipenda bluu na hatuna haja ya kuwaalika. Nyeupe au waridi.)

Kuna wale wengine ambao hawamo kwenye kikao chetu ila kila tukipita na kapu letu wanasema ni mchezo wa wazungu. Wao siwachukii, nawajibu kwa ufupi. Netiboli ilitoka Uingereza na leo jaribu kuwaambia mama zetu si yao. Halafu someni historia yenyewe. Kabla ya kampuni ya Wham-O kuanza kuuza visahani vya plastiki miaka ya 1950, wanafunzi wa Connecticut walikuwa wakirushiana mabati ya kuokea ya kiwanda cha Frisbie. Watoto wa Nsemulwa wanarushiana mifuniko ya ndoo za rangi. Kuna tofauti gani, zaidi ya mtu kukaa chini na kufikiri? Ed Headrick alifikiri. Aliweka kiwanja cha kwanza cha kudumu Oak Grove, California, mwaka 1975, mwaka uliofuata akaanzisha PDGA, na kapu la minyororo ni kazi yake. Alipofariki mwaka 2002 majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki vikatengenezwa visahani, kwa matakwa yake mwenyewe. Bibi yangu nilipomsimulia hilo alinyamaza muda mrefu, akasema, "Na wanawarusha?"

Basi orodha yangu ni hii, na nitaileta kikaoni kwa maandishi. Sita vya masafa ya kati vinavyonyooka. Vitatu vya kumalizia, kwa sababu mnakosa kapu kutoka hatua tano na hamsemi. Kimoja cha masafa ya kati chenye tabia ya kukata kushoto, kwa ajili ya asubuhi za upepo. Vya kasi, sifuri. Mkono wa mtu ukikua atanunua chake kwa hela yake.

Na kwa kuwa najua maneno hayatawatosha, Jumamosi ijayo saa moja asubuhi, kabla jua halijakuwa kali, tukutane pale penye ile mitundu miwili. Chagueni mwenzenu mwenye mkono mkali kuliko wote, mpeni kile cha kasi. Mimi nitakuwa na changu kilichofutika jina. Mirusho kumi kila mtu, tunahesabu inayopita kati ya miti tu. Nikishindwa naandika mwenyewe ujumbe wa kuagiza vyote kumi vya kasi. Akishindwa yeye, anakwenda kwa yule mzee wa mihogo kuniombea msamaha.